Shule Hii ni ya Nani?

Bwana Mhariri ameniandikia barua akinitaka niwaeleze ninyi mlio madarasani sasa, pamoja na wenzangu tuliokwisha kutoka shuleni, habari ya dini katika shule za watu wote hapa Malawi. Mimi si mwanasheria, wala si mtu wa kupanda mimbari. Lakini nimekuwa mwandishi wa kamati ya wazazi katika kambi yetu ya Dzaleka, na jambo hili limetukalisha vikao vitatu mpaka jua likatua. Katika kulitafutia jibu nimejifunza mengi ambayo sikufundishwa nilipokuwa mwanafunzi kama ninyi. Basi nitayaandika kama yalivyonijia.

Asubuhi moja mama mmoja alikuja nyumbani kwangu kabla sijanywa chai. Yeye ni Mkongo wa upande wa Maniema, tena ni Mwislamu, kama walivyo wengi wa Kasongo tangu zamani. Binti yake alikuwa darasa la sita katika shule moja ya upande wetu. Kila siku, wanafunzi wakisha kuimba wimbo wa taifa mstarini, mwalimu wa zamu huomba kwa jina la Yesu, na watoto wote huitika amina. Yule binti alikuwa akisimama kwa adabu, kichwa chini, lakini haitikii. Siku hiyo alitolewa mstarini, akapigishwa magoti mbele ya wenzake mpaka kengele ya kipindi cha kwanza. Shule yenyewe sitaitaja, maana waalimu wake ni watu wema, nao walisikitika baadaye.

Nilitegemea mama yule angekuja na ukali. La, alikuja na swali. Aliniambia, "Baba Mwandishi, sikuja kugombana na mtu. Nataka kujua neno moja tu: shule hii ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutaita kamati.

Kwa wale wasioijua Dzaleka, yafaa niseme kwamba iko wilaya ya Dowa, si zaidi ya kilometa 50 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, ikakusudiwa watu elfu kumi au zaidi kidogo. Leo tumepita elfu hamsini. Tumo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wahabeshi na Wasomali. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni na kwenye bomba la maji. Makanisa ni mengi hata sijui hesabu yake, misikiti ipo, na siku ya Jumamosi Waadventista hupita na Biblia kwapani wakati majirani zao wanafua nguo. Kamati yetu ina watu wa namna hizo zote.

Katika kikao cha kwanza mchungaji mmoja alisimama akasema, "Ndugu zangu, nchi hii humwomba Mungu waziwazi. Wimbo wake wa taifa ni sala. Rais akiapishwa humtaja Mungu katika kiapo chake. Sisi ni wageni. Je, tuwaambie wenyeji wamfiche Mungu watoto wasimwone?" Wengi wakaitikia kwa kichwa, na kusema kweli alikuwa na hoja. Wimbo wa taifa wa Malawi, aliotunga Michael-Fredrick Paul Sauka na kuanza kutumika nchi ilipopata uhuru mwaka 1964, ni dua tangu neno la kwanza. Bwana mmoja Msomali akajibu kwamba kama ni hivyo sala yote iondolewe mstarini. Mtoto asome hesabu shuleni, asali kwao. Hapo sauti zikapanda. Mwishowe akasimama mzee mmoja Mnyarwanda, aliyeyaona kwa macho yake ya mwaka 1994. Alisema, "Mimi niliwaona watu waliosali pamoja Jumapili wakauana katikati ya juma." Akaketi. Hakuna aliyetaka kusema baada yake, nasi tukatawanyika.

Mimi kikao kizima nilinyamaza, nikaandika tu. Sababu yake naitaja hapa kwa mara ya kwanza.

Nilipokuwa mtoto Kongo, kabla ya vita kutukimbiza, niliwahi kuwa kiranja wa shule. Nilikuwa na daftari dogo la jalada jekundu, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wasiofumba macho wakati wa maombi. (Mpaka leo hakuna aliyeniuliza niliwezaje kuwaona, ikiwa yangu yalikuwa yamefumbwa.) Palikuwa na kijana mmoja ambaye wazazi wake walikuwa Mashahidi wa Yehova. Haimbi wimbo wa taifa, wala haitikii sala yetu. Alikuwa mpole, na hesabu za sehemu alizijua kuliko sisi sote. Juma moja nilimwandika mara nne. Mara ya nne akafukuzwa, na shuleni hakurudi tena. Sikuwa na chuki naye hata kidogo. Niliona naandika tu lililo kweli, na mwalimu alinisifu kwa mwandiko mzuri.

Basi kamati iliponichagua niende Lilongwe kuulizia sheria, sikukataa. Mkimbizi hatoki kambini kama apendavyo, ikanibidi kungoja kibali siku mbili, kisha nikapata basi dogo lililojaa watu na magunia ya maharagwe. Lilongwe ndiyo makao makuu ya nchi tangu mwaka 1975, yalipohamishwa kutoka Zomba. Mtu akipita karibu na jengo la Bunge na ofisi za wizara zilizo mlimani, huona nyasi zimekatwa vizuri, na kila kitu kiko mbalimbali, kama mji uliojengwa kwa ajili ya wenye magari. Mimi nilikwenda kwa miguu mpaka Area 18, kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye twamwita Bambo, kama wenyeji wamwitavyo mtu mzima wa kuheshimiwa. Nikamwuliza swali la yule mama.

Bambo akacheka. Akasema, "Hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika elimu ya nchi hii. Aliyejenga ni mmoja, alipaye mshahara ni mwingine." Kisha akanieleza, nami nawaeleza ninyi.

Shule za Malawi hazikuanzishwa na serikali. Wamisheni wa Kiskoti walifika Cape Maclear penye ziwa mwaka 1875, wengine wakajenga Blantyre mwaka 1876. Hapa kwetu Dowa, Kanisa la Kidachi la Afrika Kusini lilianza Mvera mwaka 1889. Idara ya elimu ya serikali ya kikoloni haikuundwa mpaka mwaka 1926. Kwa hiyo kwa muda wa miaka hamsini mtoto aliyetaka kusoma alikwenda kwa misheni, na kitabu cha kusomea kilikuwa cha dini. Hatuwezi kuwalaumu wamisheni kwa hilo. Mtu hujenga nyumba kwa nia yake. Ila waliokuwa na dini nyingine walibaki nje. Kumbukeni kwamba Uislamu ulikuwa umekwisha fika kwa njia ya biashara. Kule Nkhotakota, Jumbe Salim bin Abdallah kutoka pwani alikaa tangu miaka ya 1840, na Kiswahili kilisemwa kando ya ziwa kabla misheni yo yote haijajengwa nchini. Wazazi Waislamu wa Mangochi, Machinga na Nkhotakota waliogopa kwamba mtoto akienda shule atarudi amebatizwa na kupewa jina jingine. Wengi wakawazuia watoto wao. Matokeo yake yaliwaumiza hata baada ya uhuru, maana kazi za ofisini zilikwenda kwa waliosoma.

Baadaye serikali ikaanza kulipa waalimu, ikaweka mitaala na mitihani, lakini shule nyingi zikabaki na jina la kanisa langoni. Hapo ndipo fundo lilipo. Kanisa lasema, hii ni shule yetu, ina desturi zake. Mzazi asema, mwalimu analipwa kwa kodi yangu, na mtoto wangu hana shule nyingine ya karibu. Wote wawili wasema kweli. Mwaka 2019 fundo hilo liliwashinda watu wa wilaya ya Balaka. Katika shule moja ya msingi ya Waanglikana wasichana wa Kiislamu walikatazwa kuvaa hijabu darasani, ugomvi ukageuka vurugu, na masomo yakasimama. Ukitazama hesabu ya watu ya mwaka 2018 utaona kwa nini jambo kama hili haliwezi kufunikwa: Wakristo walikuwa asilimia 77.3 na Waislamu asilimia 13.8. Katika wilaya kama Mangochi hesabu hiyo yageuka, Waislamu ndio wengi.

Nikamwuliza Bambo, sheria yasemaje? Alinipa Katiba, kitabu chenye kurasa zilizolegea, nikakisoma kibarazani kwake mpaka mchana. Katiba ya mwaka 1994 haikuitaja dini yo yote kuwa dini ya taifa. Kifungu cha 20 kinakataza ubaguzi, na dini imetajwa humo. Kifungu cha 25 kinasema watu wote wana haki ya elimu. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na mawazo. Nilivisoma vifungu hivyo mara mbili nikitafuta neno "raia", sikuliona. Mtu asiyekuwa mkimbizi huenda asielewe kwa nini nilikiweka kitabu magotini nikatulia kwa muda.

Maneno ya Katiba peke yake hayafungui mlango wa darasa. Kwa miaka mingi watoto wa Marasta, ambao kwa imani yao hawakati nywele, walikuwa wakikataliwa katika shule za serikali mpaka wanyolewe. Wazazi wa watoto wawili wakaenda mahakamani. Kwanza walipata amri ya muda, watoto wakaingia darasani na nywele zao, kisha wakangoja. Tarehe 8 Mei 2023 Mahakama Kuu huko Zomba, mbele ya Jaji Zione Ntaba, ilitoa hukumu kwamba kuwazuia watoto hao ni kuvunja haki yao ya elimu na ya dini. Wizara ya Elimu ikaamriwa kuwatangazia wakuu wa shule, kabla ya mwisho wa Juni mwaka ule, kwamba watoto wa Kirasta wapokelewe. Kanuni ya nywele fupi ilikuwa ya usafi na usawa, nayo si mbaya. Lakini mahakama iliona kwamba mtoto hawezi kuambiwa achague baina ya imani yake na kitabu chake.

Naona katika mambo haya watu huchanganya vitu viwili. Kufundisha habari za dini ni jambo moja, na kumfanyisha mtoto ibada ni jingine. La kwanza nalo lina magomvi yake. Mwaka 2000 wizara ilitaka kuliondoa somo la Maarifa ya Biblia katika sekondari na kuweka Elimu ya Dini na Maadili, ambamo mwanafunzi angejifunza Ukristo, Uislamu na dini za asili pamoja. Makanisa yakapinga kwa nguvu. Rais wa wakati ule, Bakili Muluzi, alikuwa Mwislamu, na wako walioona kuna hila. Somo jipya likasimamishwa. Baadaye yote mawili yakaruhusiwa, watu wachague. Mimi ningalipenda lile jipya. Nimekaa na majirani Waislamu miaka thelathini, na mpaka mwaka jana sikujua maana ya maneno wayasemayo wakisujudu.

Wako watakaosema, basi dini ikae kanisani na msikitini, isiguse mambo ya taifa kabisa. Hapa Malawi hakuna atakayekubali, na ana sababu. Jumapili tarehe 8 Machi 1992, nchi ikiwa chini ya chama kimoja cha Rais Kamuzu Banda, maaskofu Wakatoliki waliamuru barua yao isomwe makanisani. Walisema waziwazi juu ya watu kuonewa, na umaskini, na shule zilizojaa kupita kiasi. Maaskofu wakaitwa na polisi kuhojiwa. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Wapresbiteri wakaja, Waislamu nao wakakaa katika kamati moja na Wakristo kuzungumza na serikali, na tarehe 14 Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni na kuchagua vyama vingi.

Tena mfano mwingine ni wa hapa hapa tunapolala. Kabla ya wakimbizi, Dzaleka ilikuwa gereza la watu wa siasa. Wenyeji husema jina lenyewe latokana na neno la Kichewa la kuacha, yaani ukitoka huku utakuwa umeacha uliyokuwa ukiyafanya. Miongoni mwa waliofungwa humu walikuwako Mashahidi wa Yehova. Madhehebu yao yalipigwa marufuku mwaka 1967, maana walikataa kununua kadi ya chama wakisema dhamiri yao haiwaruhusu kuingia katika siasa. Walifukuzwa kazini, walipigwa, na mwaka 1972 maelfu yao wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Marufuku haikuondolewa mpaka mwaka 1993. Nilipoyasikia haya kwa Bambo nilimkumbuka kijana wa daftari langu. Wamalawi walikimbia nchi hii kwa sababu ya kutosema neno waliloamriwa kusema, kisha mimi nimekimbilia mahali pale pale walipofungwa.

Wala si Malawi peke yake. Mwaka ule ule wa 1967 Mahakama Kuu ya Zambia ilikataa shauri la msichana mmoja aliyeondolewa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa. Marekani, katikati ya vita mwaka 1943, mahakama yao ya juu kabisa ilikwisha sema kwamba mtoto asilazimishwe kuisalimu bendera. Tanzania walikwenda njia zote mbili: wanafunzi wa Mbozi walifukuzwa kwa kutoimba wimbo wa taifa, wakashindwa Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikawapa haki mwaka 2013. Kenya, kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2019, nayo ikaamuliwa kwa mambo ya utaratibu, swali lenyewe likabaki.

Nilirudi Dzaleka jioni ya siku ya pili nikiwa na vifungu vyangu vimeandikwa kwenye daftari, safari hii jalada lake la buluu. Katika kikao cha pili niliyasoma yote, tena nikawaambia wanakamati habari ya daftari jekundu. Mchungaji aliniangalia sana, hakusema kitu.

Katika kikao cha tatu yeye ndiye aliyesimama kwanza. Alisema ana ndugu yake aliyeolewa Mangochi, na watoto wake husoma mahali ambapo Wakristo ni wachache. "Nimejiuliza usiku," akasema, "mtoto wa dada yangu akipigishwa magoti kule kwa kutoitika, mimi nitasema nini?" Kisha akatoa shauri ambalo tulilikubali na kulipeleka kwa mwalimu mkuu, naye akalipokea. Wanaotaka kuomba pamoja waje dakika kumi kabla ya kengele, kila kundi na mahali pake. Mstarini wimbo wa taifa uimbwe, kisha kimya cha muda mfupi, na kila mtoto aseme na Mungu wake moyoni au anyamaze. Jina la mtoto lisiandikwe kwa sababu ya sala. Mtandio waruhusiwa, uwe wa rangi ya sare. Bwana Msomali alisema dakika kumi ni nyingi, mchungaji akasema ni chache, tukaziacha zilivyo.

Nilikwenda mwenyewe kumpa jibu yule mama. Nikamweleza kwamba shule ilijengwa na hawa, waalimu hulipwa na wale, sheria ni ya Bunge, na watoto ni wetu. Akauliza, "Hata sisi tusio raia?" Nikamsomea kifungu cha 33. Akafikiri, kisha akasema, "Kumbe ina wenyewe wengi. Ndiyo maana paa lavuja." Binti yake sasa yuko darasa la nane na huja mstarini na mtandio wa rangi ya sare.

Waadventista nao wameleta barua juu ya mitihani ya majaribio kuwekwa siku ya Jumamosi. Mchungaji asema hilo ni jepesi, mwalimu mkuu asema ni gumu kwa kuwa karatasi za mtihani hutoka mahali pengine na siku zake zimepangwa. Kikao ni Alhamisi ijayo saa tisa, chini ya mwembe ule ule, nami ndiye mwandishi.